Ijumaa Tunafunga

Dada yangu mpenzi,

Kabla sijakuamkia, vuta kiti ukae, maana barua hii inatoka kwa mtu ambaye Ijumaa iliyopita kampuni nzima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, ilisimama ikimsubiri afike ndipo kazi iendelee. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kweli ikikaa sana tumboni inaleta gesi.

Sasa shikamoo, dada. Natumaini goti lako limetulia na mguu hauvimbi tena jioni. Wapwa zangu wasalimie mmoja mmoja, na yule wa mwisho mwambie mjomba hajasahau viatu vya mpira alivyomwahidi, ila duka linalomfaa mtoto kama yeye bado linatafutwa. Shemeji naye msalimie, lakini kwa kiasi. Mimi huku ni mzima kama chuma cha reli. Kilichokuwa kinaumwa wiki ile ni roho, nayo imepona, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua Jumanne nilikupigia nikakwambia kwa sauti ya chini kwamba kampuni inafungwa, na kwamba uniandalie chumba. Futa hayo yote. Kampuni haifungwi, sijafukuzwa, na kwenye chumba kile rudisha madumu yako na ile baiskeli mbovu ya shemeji. Ningekupigia tena simu, lakini simu yako unaiweka kwenye spika, na shemeji hukaa pembeni amefumba macho kama aliyelala, kumbe masikio yamesimama. Barua utaisoma mwenyewe. Ila kuna jambo moja sitalisahau. Siku ile hukuniuliza kosa langu ni nini. Ulisema tu, njoo. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za dharura najifanya nafunga kamba za kiatu, na viatu vyangu vya kazini unavijua, havina kamba.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Kampuni yetu ni ya ushauri wa mambo ya fedha. Wateja wetu ni mabenki, makampuni ya bima na vyama vya akiba. Shemeji husema haelewi washauri wanafanya nini, basi mweleze hivi: ni watu unaowaita nyumbani kwako, wanazunguka, wanapiga picha, wanakwambia paa linavuja, wanakuandikia kitabu kizima kuhusu kuvuja, kisha wanaaga. Paa wanakuachia mwenyewe.

Kitabu hicho ndicho kazi yangu. Vijana wa siku hizi wanaita kubaindi, mimi naita kufunga. Mashine yangu inatoboa karatasi matundu pembeni, napitisha ringi, naweka jalada la plastiki mbele na gumu nyuma, ripoti inasimama kama bwana harusi. Hakuna ushauri uliowahi kutoka katika jengo lile bila kupita mikononi mwangu. Kuna meneja mmoja wa benki, mtu mzito kwelikweli, aliishika ripoti niliyoifunga, akaipapasa mgongo, akasema ushauri huu nimeukubali, na wala alikuwa hajaufungua. Muulize yeyote pale ofisini. Meneja mwenyewe usimtafute, alihamishwa.

Jumatatu ile asubuhi nilikuwa nimempelekea mkurugenzi majalada ya rangi mbalimbali achague. Mkurugenzi wetu ni mama mfupi mwenye sauti ndogo, na kadiri anavyoipunguza ndivyo watu wazima wanavyosimama wima. Alikuwa kwenye simu. Akanionyesha kwa kidole jalada la bluu, nami nikageuka kutoka. Nikiwa mlangoni nikamsikia akimwambia mtu wa upande wa pili kwamba Ijumaa tunafunga, hakuna namna nyingine. Mlango ule una springi, ukajirudisha nyuma yangu, na maneno yaliyofuata yakabaki ndani.

Dada, nikajua kampuni inakufa. Na dalili zilikuwepo. Kwanza liliondoka lile ua kubwa la mapokezi. Halafu mashine ya kahawa ilipelekwa matengenezo ikapotelea hukohuko. Halafu wale jirani zetu wa ghorofa ya chini walihama bila hata kuaga. Nikakaa kwenye stuli yangu nikaona picha yote imekamilika. Kwako sifichi: shule niliachana nayo darasa la sita, na hadi leo hakuna anayejua nani alimwacha mwenzake. Mvi zimeshapanga foleni kichwani. Nani atamchukua mtu kama mimi? Na mkataba wangu ulikuwa unaishia mwezi ujao. Juu ya hapo nilishamwambia shemeji, mbele ya watu, kwamba kampuni ile bila mimi haimalizi wiki. Nikamwona kabisa amesimama mlangoni kwako akinipokea sanduku, akiuliza kwa upole kama wiki imeisha.

Nilimwambia mtu mmoja tu, dada wa mapokezi, tena kwa siri, nikamwapisha. Yule binti ni mtu wa siri sana. Ukimpa siri, anaitafutia watu wa kumsaidia kuitunza. Kufika saa ya chai walikuwa wanaitunza ghorofa nzima.

Utauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kumuuliza mkurugenzi mwenyewe. Dada, mgonjwa akiwa kitandani, nani anauliza kaburi limechimbwa upande gani? Kila mtu alinyamaza kwa heshima. Lakini tabia zilibadilika. Kuna kijana mmoja mshauri, msomi hasa, tunamwita Asilimia, maana ukimuuliza kama ameshiba atakwambia asilimia sitini. Tangu ameajiriwa hajawahi kunisalimu, huwa ananipungia karatasi tu. Jumanne alikuja akasimama mbele ya mashine yangu, akaniita mzee wangu, akauliza habari za nyumbani. Nikajua kweli tumekwisha.

Jumatano akaenda mbali zaidi. Aliingia ofisini kwa mkurugenzi, akaacha mlango umeegemea kiti, na sisi tulikuwa tunapita korido kwa zamu kama watu wenye shughuli. Alimwambia yule mama kwamba amechoka kula chakula cha mchana amesimama, kijiko mkono huu, simu mkono huu. Alimwambia kwamba kupigiwa simu Jumapili amevaa taulo si ushauri, ni uonevu. Kisha akatoa la mwisho, kwamba ripoti tunazowapa wateja ni ile ile moja, tunabadilisha jina la benki na rangi ya jalada. Hapo nilitaka kuingia niseme ni kweli, kwa sababu anayebadilisha jalada ni mimi, lakini nikaona kila mtu abebe msalaba wake.

Tulisubiri mayowe. Hayakuja. Mkurugenzi alimwambia asante, na akamuuliza kwa nini hakuyasema mwaka jana.

Alhamisi asubuhi akatuita wote chumba kikubwa cha mikutano. Alisema ameona siku hizi mbili tatu watu wamekuwa wawazi, na kwamba aliwahi kuleta wakufunzi wa semina kutufundisha uwazi, wakatuchezesha michezo ya kurushiana mpira, na hakuna aliyesema kitu. Sasa anataka kusikia kila mmoja anaonaje kufanya kazi pale. Akaongeza, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba Ijumaa ikipita tutapumua wote. Dada, ungetuona. Tuliangalia zulia kama tumeangusha sindano.

Basi watu wakasema. Mtu anayejua anaondoka ana ulimi mwepesi. Dada wa mapokezi alisema kwamba kila asubuhi watu wanampita kama nguzo ya umeme, na anayemsalimu ni mimi peke yangu, na mimi mwenyewe ni kwa sababu nataka sukari. Watu wakacheka, mimi nikakohoa. Wahasibu walisema wanayajua madeni ya benki zote mjini kuliko majina ya watoto wao. Mmoja wa washauri wakubwa, mwanamume mwenye tai, alisema huwa anakaa kwenye gari lake chini kwa muda mrefu kila asubuhi kabla ya kupata nguvu ya kupanda. Hilo halikuchekesha mtu. Mkurugenzi aliacha kuandika, akamtazama, akasema na yeye hufanya hivyo hivyo, ila yeye huegesha nyuma ya jengo.

Zamu yangu ilipofika wote waligeuka, maana siku mbili hizo nilikuwa nimewaahidi kwamba mimi nitamchana bosi laivu, mchana kweupe, na atakayekuwa na moyo mdogo asikae karibu. Nilisimama. Nikavuta pumzi. Nikasema naomba kiti chenye mgongo. Nikakaa.

Mchana wa siku hiyo niliomba ruhusa nitoke mapema. Nilishuka na mashine nimeifunika koti langu. Mlinzi akaniuliza naipeleka wapi, nikamwambia kwa fundi, imeanza kukwaruza. Akasema ni kweli, hata yeye amekuwa akiisikia, akanifungulia geti. Mlinzi anakaa getini na mashine inakaa ghorofa ya tatu, lakini mtu akikuunga mkono usimhoji.

Ijumaa sasa. Nilifika nimechelewa kidogo, natembea kwa miguu, mashine begani, shati limeshika mgongo. Mlinzi aliponiona akapiga kelele kuelekea juu kwamba amekuja. Nikapanda. Korido nzima imejaa watu. Kumbe ripoti kubwa ya benki, ile ya jalada la bluu, ilikuwa imelala juu ya meza ndefu, kurasa zake zimepangana nene kama mto wa kulalia, nakala juu ya nakala, na dereva wa benki amekaa mapokezi anatikisa mguu. Wameizunguka kama watu waliomaliza kupika wakakuta hawana sahani. Asilimia alijaribu kuifunga kwa stepla, stepla ikavunjika jino.

Mkurugenzi akaniuliza nilikuwa wapi. Kabla sijafungua mdomo, dada wa mapokezi akadakia kwamba mzee aliipeleka mashine kwa fundi tangu jana, ilikuwa inakwaruza. Mlinzi, ambaye alikuwa amenifuata hadi juu kwa umbea, akasema hata yeye alikuwa akiisikia. Yule mama akanitazama kutoka kwenye viatu hadi usoni, nikaona nimekwisha. Akasema mbele ya wote kwamba kama kila mtu angekiangalia kifaa chake kabla hakijaharibika kama baba huyu, sisi washauri tusingekuwa na kazi. Niliweka mashine mezani nikaanza kutoboa, na hakuna aliyeondoka, walisimama wakitazama mikono yangu. Hilo ndilo nililokuanzia nalo juu kule. Sikusema uongo.

Nakala ya mwisho ilipokaa, dereva akazibeba akaenda. Hapo Asilimia akapiga hatua mbele, macho yamejaa maji, akamshika mkurugenzi mkono na kumshukuru kwa miaka yote, akamwombea heri huko aendako. Mkurugenzi akamuuliza kwani yeye kijana anaenda wapi. Asilimia akasema haendi, ila si tunafunga leo? Yule mama akasema tumeshafunga, na dereva ameondoka nayo. Wakatazamana. Mshauri wa tai akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kwamba ina maana Jumatatu tunakuja? Mkurugenzi akasema mbona yeye anakuja, na asiyetaka aseme mapema.

Kisha neno likaanza kufumuka uzi kwa uzi: nani alisikia, nani alimwambia nani. Mkurugenzi alipoelewa kwamba ghorofa nzima imekuwa ikimuaga tangu Jumatatu, na yeye akidhani ni uwazi, alikaa chini palepale kwenye kona ya meza akacheka hadi miwani ikamtoka. Sikuwahi kujua ana sauti kubwa vile. Akasema lakini yaliyosemwa yamesemwa, hayarudi. Tangu sasa chakula cha mchana kinaliwa watu wamekaa, Jumapili simu haipigwi, na ripoti zitaandikwa upya, si jalada tu. Akauliza uvumi ulianzia kwa nani. Dada wa mapokezi akaanza kuhesabu taa za dari. Mimi nilikuwa napangusa mashine. Nilishaanza kushuku ukweli wenyewe tangu Alhamisi jioni, na nitakwambia vipi, lakini ule haukuwa wakati wa kutoa hotuba.

Jioni aliniita ofisini kwake. Niliingia nimeshajiandaa kukana hadi jina langu. Alisukuma mkataba mpya kwangu nitie sahihi, akasema kiti chenye mgongo kitafika wiki ijayo. Akaniangalia kidogo, akasema siku nyingine nikisikia nusu ya neno nirudi ndani nikaisubiri nusu nyingine. Sijui alijuaje. Nilitoka nikapita ngazi zile za dharura, nikakaa kidogo palepale, na safari hii sikujifanya nafunga kamba. Nililala usiku ule kama gunia lililotuliwa.

Ndiyo hayo, dada yangu. Kazi ipo. Mdogo wako harudi na sanduku, atakuja likizo na mkoba mdogo kama watu wenye kazi zao. Mwambie shemeji kwamba wiki imeisha, nyingine imeanza, na kampuni imenisubiri. Majirani wote wape salamu zangu, na goti lako likande kwa maji ya moto kila jioni, usinipe shida ya kukuota.

Kama ulikuwa unasoma kwa sauti, kuanzia hapa soma kimoyomoyo.

Wewe ndiye uliyenilea, na najua umeshakunja uso tangu ukurasa uliopita. Unajiuliza ni mtu gani anayepeleka kwa fundi mashine ya kampuni inayokufa. Hakuna fundi, dada. Haikuwa inakwaruza. Niliipeleka chumbani kwangu. Nilijiambia nyumba ikiungua kila mtu anatoka na alichoshika, na mimi nilikuwa nimeshika mashine. Nilisema nitakula kwa jasho langu, nitawafungia wanafunzi wa mtaani kazi zao, hata shemeji atasikia kwamba nimejiajiri.

Basi mchana ule wa Alhamisi nilitoa meza nje ya mlango, nikaipangusa mashine ikang'aa, nikachana ubavu wa boksi, na kwa kalamu nene nikaandika tangazo. Nilitaka liseme tunafunga vitabu, ripoti na kazi za wanafunzi. Lakini unajua herufi zangu zilivyo na miili, neno la kwanza likamaliza boksi lote. Nikalitundika hivyohivyo: TUNAFUNGA.

Nilikaa. Walipita vijana wana karatasi kwapani, wakasoma, wakasonya, wakageuka. Mama mmoja alimvuta mwanawe kwa haraka akimwambia wamechelewa. Mwalimu mzima alisimama akatazama saa yake, akatikisa kichwa, akaenda. Nami nimekaa nyuma ya mashine nawatabasamia, najisemea moyoni kwamba watu wa mtaa huu hawapendi elimu. Hadi jua linazama, jirani yangu yule fundi cherehani akatoka kukunja kitambaa chake, akasoma boksi, akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Jirani, unafunga saa hizi? Mbona hata sikukuona ukifungua?"

Hapo ndipo nilipomwelewa mkurugenzi.

Ni mimi mdogo wako,
Mfungaji Mkuu